Uliza Bustani: nyasi zimekauka, ndago hazifi, na mama mkwe anataka uwanja mweupe

Meseji zenu nimezipata na asanteni kwa picha, picha inanisaidia kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Ila kuna kitu nimekiona, karibu kila mtu anaanza na "nitumie dawa gani" au "niweke mbolea gani", na mimi nikisoma najikuta nina maswali mawili tu, maji unayo kiasi gani na udongo wako ukoje. Ndo maana majibu mengine leo ni marefu, nivumilieni, kuna watu humu wamemwaga hela nyingi na inaniuma kweli.

Anti habari za kazi. Nipo Kigamboni. Mwaka jana mwezi wa tano nilipanda ukoka ukatoka vizuri mpaka majirani wakawa wanakuja kuomba mbegu, sa hivi umekuwa wa njano na sehemu zingine umekauka kabisa, na kila siku jioni kijana anamwagilia kwa mpira kama dakika kumi hivi. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo ila tunaogea. Jirani kasema niweke urea. Niweke kilo ngapi? Eneo ni mita kumi kwa kumi.

Mama pole sana, na urea usiweke, angalau sio sasa hivi. Nyasi zikiwa na kiu halafu udongo una chumvi, ile mbolea ya dukani nayo inavuta maji kwenye mizizi vilevile kama chumvi, utaziunguza na hizo zilizobaki.

Nataka kwanza ufanye jambo dogo. Kesho asubuhi chukua panga, chimba kashimo ka kina cha kiganja katikati ya nyasi uangalie udongo umelowa mpaka wapi. Nadhani utakuta unyevu umeishia nusu kidole, chini yake ni vumbi. Hiyo dakika kumi ya jioni inalowesha majani na ngozi ya juu ya ardhi tu, kesho jua la saa nne likipiga maji yanapaa yote na chumvi ya kisima inabaki palepale, siku ya pili hivyohivyo, baada ya miezi kadhaa unaona ncha za majani zinakuwa za kahawia na juu ya udongo kuna kama ungaunga mweupe. Na nyasi zikishazoea kunywea juu hazishushi mizizi, sa jua likizidi siku tatu tu zinalala.

Hesabu yake iko hivi. Kwa joto la pwani nyasi zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki. Milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo eneo lako la mita 100 za mraba linataka lita 2,500 kila wiki ambayo mvua haijanyesha. Pima mpira wako, weka ndoo ya lita 20 uangalie saa, ikijaa kwa dakika 2 maana yake unapata lita 10 kwa dakika, na kijana kwa dakika zake kumi kila siku anatoa lita 700 kwa wiki. Yaani nyasi zako zinapata chini ya theluthi ya zinachohitaji, na hicho kidogo kinaishia juu.

Cha kufanya ni kuacha kumwagilia kila siku, gawa mara tatu kwa wiki maana mchanga wa Kigamboni hauhifadhi maji, asubuhi mapema kabla jua halijachomoza sawasawa, na kila mara acha maji yazame mpaka kina cha kiganja, hapo chumvi nayo inasukumwa chini mbali na mizizi. Masika ikija itakusafishia zaidi. Kabla ya mvua tandaza mboji iliyochekechwa juu ya nyasi, unene wa sentimita 1 tu, kwa eneo lako ni kama ndoo 50 za lita 20, halafu pitisha fagio ishuke katikati ya majani. Mchanga bila mboji ni chujio, kila unachomwaga kinapita.

Zile sehemu zilizokufa kabisa usirudishe ukoka, chomeka paspalamu, hiyo inavumilia chumvi zaidi na pwani imezoeleka. Mvua zikishakolea na nyasi zimeanza kuchipua ndo uweke urea yako, kilo 1 kwa mita hizo 100 za mraba, isizidi, unaitawanya majani yakiwa makavu halafu unamwagilia palepale, ukiiacha juu nusu yake inaweza kuondoka na hewa na inayobaki inaunguza.

Na kama lita 2,500 kwa wiki huna, usijilaumu na usijitese. Punguza nyasi. Mita nne kwa tano hapo mbele ya baraza zinataka lita 500, hizo unazo, kwingine panda bugenvilia na minazi miwili. Kipande kidogo kilichoshiba maji kinapendeza kuliko uwanja mzima wa njano.

Mtaalamu shikamoo. Mimi nipo Goba, nilinunua kenta mbili za udongo mweusi kwa ajili ya bustani, fundi akasawazisha tukapanda nyasi za vipande. Baada ya wiki tatu zimeota ndago kila mahali, tunang'oa kila Jumamosi na watoto, Jumatano zimerudi. Nimepiga raundapu ikaua ndago na nyasi zangu pia, halafu ndago zikarudi nyasi hazikurudi. Nimechoka hadi nataka niweke pevingi nyumba nzima.

Marhaba mwanangu, subiri kidogo kabla ya pevingi. Hili yalinikuta mimi mwenyewe, udongo niliuletewa mzuri mweusi unanukia, nikafurahi kama mjinga, kumbe umechotwa bondeni umejaa vinundu vya ndago. Tangu siku hiyo silipi kenta ya udongo kabla sijaweka ndoo moja kwenye beseni kivulini nikaimwagilia siku kumi na nne nione kinaota nini. Muuzaji anayekataa kukupa ndoo moja ya kujaribia, achana naye.

Sasa ujue adui. Ndago sio nyasi, ishike bua lake uzungushe kwenye vidole, utasikia pembe tatu. Chini ina vinundu vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi, vingi viko kwenye sentimita 15 za juu lakini vingine vinashuka zaidi. Ukivuta kwa mkono uzi unakatika, kinundu kinabaki, na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka kwa sababu mama yao hayupo tena. Kwa hiyo watoto wako kila Jumamosi wamekuwa wakiziamsha ndago, si kwa makosa yao.

Kama zimetapakaa na nyasi zimeshakufa, ushauri wangu ni usipande nyasi tena mwaka huu. Najua hutaki kusikia hivyo. Lima kwa jembe la uma sio jembe la kawaida (la kawaida linakatakata vinundu na kuvisambaza), okota vinundu vyote unavyoviona, vianike juani kwenye bati mpaka vinyauke kabisa, usivitupe kwenye mboji. Halafu panda matembele, yaani jaza matembele eneo lote kwa karibu karibu. Ndago kitu inachochukia ni kivuli, na matembele yakishafunga ardhi hakuna jua linafika chini. Zinazochomoza katikati unazichimba kwa kijiti kila wiki mbili, usisubiri mwezi maana ikifika wiki ya nne mpaka ya sita toka kuota inaanza kutengeneza vinundu vipya. Kila jani unaloliondoa mapema, kinundu kimetumia akiba yake bila kurudishiwa. Mwaka mmoja hivi unakula mboga, ardhi inapumzika, na ndago zitakazobaki utaziweza kwa mkono.

Kama nyasi bado zipo na ndago ni sehemu sehemu, dawa ipo, kwenye duka la pembejeo ulizia yenye kiambata cha halosulfuroni, hiyo inashika ndago bila kuua nyasi nyingi za bustani, ila soma lebo uone nyasi yako imeruhusiwa, piga ndago zikiwa zinakua vizuri na sio zimekauka, na utarudia baada ya wiki kadhaa kama lebo inavyosema, mara moja haitoshi. Raundapu inaua chochote cha kijani, hiyo haichagui. Na usiweke plastiki nyeusi ukidhani utazibana, ndago ina ncha kama sindano, inaitoboa.

Anti, mimi niko Syokimau huku Kenya. Nimejenga lakini udongo ni ule mweusi wa kunata, mvua ikinyesha ni matope hata gari haiingii, jua likiwaka inapasuka nyufa mkono unaingia. Nyasi ya Kikuyu nilipanda mara mbili ikakauka. Na kuna ufa umeanza kutokea kwa ukuta karibu na maua yenye bibi yangu hunyunyizia kila jioni. Hizo vitu zinahusiana?

Zinahusiana ndugu yangu, na umefanya vizuri sana kuuliza, hiyo ya ukuta ndo naanza nayo maana nyasi zinaweza kusubiri.

Udongo huo unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Sa ukimwagilia maua yaliyogusana na ukuta kila jioni, upande huo wa msingi ardhi imevimba na pande zingine imesinyaa, nyumba inainuliwa kona moja, lazima ipasuke. Mwambie shemeji, kwa upole, hayo maua yahamishwe, na kuzunguka nyumba yote uweke sakafu ya zege au vitofali upana wa mita 1 angalau, ikiinama kuelekea nje kama sentimita 2 kwa kila mita, maji ya paa yapokelewe na mfereji yapelekwe mbali. Miti mikubwa inayokunywa sana kama mkaratusi na mikuyu iwe mbali na ukuta angalau sawa na urefu itakaofikia ikikua, kwa sababu yenyewe inanyonya maji chini ya msingi na udongo unasinyaa. Ufa wenyewe mwite fundi mwenye elimu ya majengo aukague, huo sio wangu.

Nyasi ya Kikuyu asili yake ni nyanda za juu zenye mvua, huko kwenu ni tambarare kavu, ukiipa maji inakaa, usipoipa inakwenda. Ukoka utakufaa zaidi. Na usipande moja kwa moja kwenye ule mweusi. Leta udongo mwekundu uchanganye na samadi iliyooza vizuri, tandaza unene wa sentimita 15 juu, ndipo upande. Wengi wanamwaga mchanga kidogo wakidhani utalegeza, mchanga kidogo kwenye udongo wa kunata unapata tofali. Na usiukanyage wala kuulima ukiwa umelowa, subiri ukishikwa mkononi unameguka. Ukitaka kujua una nini hasa, peleka sampuli maabara ya udongo ya KALRO, lile shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, watakupa majibu ya karatasi.

Gadena wangu anakata nyasi mpaka udongo unaonekana, anasema ndo zinakaa mwezi mzima bila kukatwa tena. Ni sawa? Nipo Arusha.

Sio sawa dada, ila namwelewa, nyie mnamlipa kwa mwezi mara moja na yeye anataka kazi yake ionekane. Sheria ni moja tu hapa, usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mkupuo. Jani ndo jiko la nyasi, ukilikata lote mizizi nayo inakufa sehemu ili zilingane, udongo unapata jua, na magugu yaliyokuwa yanangoja mwanga yanaota yote. Ukoka uache sentimita 3 au 4, nyasi ya Pemba ambayo majani yake ni mapana uache 5 mpaka 7. Kipindi cha mvua inabidi akate kila wiki au siku kumi, kiangazi hata wiki tatu, kwa hiyo kaa naye mpangane malipo upya kwa kila anapokata, usimwongezee kazi kwa hela ileile. Visu vinolewe, kisu butu kinachana jani na ncha zinakuwa nyeupe bustani nzima inaonekana imechoka. Majani yaliyokatwa yakiwa mafupi yaache palepale, yanaoza na kurudisha mbolea.

Na kama anatumia ile mashine ya kubeba begani yenye kamba, mnunulie miwani na buti. Inarusha mawe. Jicho la mtu halirudi.

Shikamoo Anti. Naishi na mama mkwe hapa Mbezi, kila asubuhi saa kumi na mbili anaamka na fagio la chelewa anafagia uwanja wote mpaka chini ya miti, majani anayachoma. Mimi nilisoma kwamba majani yanasaidia udongo, nikimwambia ayaache anasema nataka kufuga nyoka ndani ya uzio wake. Mti wa mwembe mizizi imeshaanza kuonekana juu. Nifanyeje bila ugomvi?

Marhaba mwanangu. Kwanza ujue mama hajakosea anavyofikiri. Hawa wazee wetu walikulia kwenye nyumba ambazo uwanja mweupe ulikuwa ndo ulinzi, ukifagia unaona alama ya kila kilichopita usiku, na nyoka kweli anapenda majani yaliyorundikana, kuni, na matofali yaliyosahaulika, hasa kama kuna panya. Kwa hiyo usiende kwake na hoja ya udongo, nenda na hoja ya usalama.

Mwambie, mama, tuzunguke nyumba pamoja, tuache mita mbili kuzunguka nyumba na njia ya kwenda choo na getini peupe kabisa, fagia kila siku kama unavyotaka. Ondoeni lile rundo la mbao nyuma ya jiko (najua lipo, kila nyumba lipo), na chakula cha kuku kisilale nje kinaleta panya. Halafu ombea mwembe tu, duara lake chini ya matawi, majani yatandazwe unene wa vidole vinne na yasigusane na shina, acha nafasi ya shubiri moja shina lipumue, likifunikwa linaoza gamba. Fagio la kila siku kwa miaka kadhaa limeondoa udongo kidogo kidogo ndo maana mizizi iko nje, usiifukie na lundo la udongo mara moja, majani hayohayo yakioza yatairudishia taratibu.

Ya kuchoma ndo ningependa aache hata kama mengine atakataa, moshi asubuhi kwa watoto sio mzuri, na ile ni mbolea mnayoichoma. Chimbeni shimo kona ya mbali, upana mita moja, majani tabaka, maganda ya jikoni tabaka, samadi ya kuku kidogo, maji, mnageuza kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu au minne mpelekee mama hiyo mboji kwenye mchicha wake. Mchicha utaongea kwa niaba yako.

Nimejenga Dodoma, kiwanja ni kikubwa nusu eka. Nataka kijani mpaka kwenye uzio kama nilivyoona nyumba za Masaki. Nianze na nyasi gani?

Ndugu, nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Toa nyumba na njia ya gari baki na 1,500. Zidisha na zile lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki nilizomwambia mama wa Kigamboni, ni lita 37,500 kila wiki, na Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, inaanza karibu na Desemba inaishia Aprili, miezi iliyobaki ni wewe na bomba lako. Siwezi kukupa jina la nyasi wakati najua maji hayo mji mzima unayahitaji.

Lakini Dodoma inaweza kuwa na bustani nzuri sana ya Dodoma, tena mimi naipenda kuliko ya Masaki. Weka ukoka mita 40 au 50 za mraba upande wa baraza ambako watoto watacheza, mchana kuna kivuli cha nyumba. Kwingine panda miti ya kivuli kwanza, mwarobaini unaota vizuri huko, chimba shimo la sentimita 60 kila upande ujaze samadi na udongo, acha kisahani kuzunguka mche cha kukinga maji, panda mvua ya kwanza ili ipate msimu mzima wa kujishikiza. Bugenvilia kwenye uzio, mishubiri, mkonge wa mapambo, na katikati changarawe. Ukitaka ua wa mnyaa sawa hauhitaji maji, ila maziwa yake yakiingia machoni ni hatari kubwa, kama una watoto wadogo uache.

Maji ya kufulia yapelekee miti, sio mboga za majani, na yale yenye jiki usitumie kabisa. Usiyahifadhi yakalala, siku hiyohiyo yaende shambani.

Mwembe wangu unazaa sana lakini kila embe nikikata ndani kuna funza. Nje linaonekana zima. Nipige dawa gani?

Hao ni watoto wa nzi wa matunda. Kuna aina moja kutoka Asia ambayo iligundulika huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 2003 na ndo inasumbua kuliko wale wa zamani. Jike anatoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa anataga ndani, funza anakula, embe linadondoka, funza anatoka anajizika kwenye udongo sentimita chache tu, baada ya wiki moja au mbili anatoka nzi mpya anapanda juu kuendelea na kazi. Ukiielewa hiyo njia unajua pa kuikata, ni hapo chini.

Okota maembe yaliyodondoka kila siku. Sio Jumamosi, kila siku. Usiyatupe shimo la mboji wala nje ya uzio, yafungie kwenye nailoni nyeusi nene ya ujenzi uyaache juani siku kadhaa mpaka wafe, au uyafukie zaidi ya nusu mita. Kuku waache wapekue chini ya mti, wanakula waliojizika. Yale maembe unayoyafikia yavalishe mifuko ya khaki yakiwa bado machanga, na uvune yakiwa yamekomaa kabla hayajaanza kuiva mtini, yamalizie kuivia ndani. Mwambie na jirani, maana nzi hajui mpaka wa kiwanja, mkifanya nyumba tatu nne kwa pamoja mtaona tofauti msimu unaofuata.

Na kama juu ya mti kuna wale maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani, tafadhali usiwapige dawa. Najua wanauma, lakini nzi wa matunda hapendi kutaga pale walipo, na wanamkamata funza akitoka. Siku ya kuvuna jipake majivu mikononi uvumilie.

Konokono wakubwa wanamaliza miche ya maua usiku mmoja. Naweza kuwamwagia chumvi? Nipo Tanga.

Usimwage chumvi kwenye bustani, utaua konokono kumi na udongo wako pamoja. Hawa wakubwa ni wenyeji wa pwani hii hasa, hutawamaliza, utawapunguza. Toka na tochi saa mbili usiku baada ya mvua, vaa glavu, waokote kwenye ndoo yenye maji ya moto yenye sabuni. Fanya siku tano mfululizo. Mchana wanajificha chini ya mbao na vyungu vilivyopinduliwa, weka ubao mmoja makusudi kila asubuhi uugeuze. Watoto wasiwashike mikono mitupu, wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu, na mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka.

Nimepanga Sinza, sina uwanja, nina vyungu kumi na viwili barazani na visahani chini. Mwenye nyumba anasema vinaleta mbu. Ni kweli?

Ni kweli, na yuko sahihi kukwambia. Mbu wa dengue anauma mchana na anapenda hasa maji kidogo masafi kama hayo ya kwenye kisahani, Dar tulipata mlipuko 2014 na tena 2019. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku saba mpaka kumi, kwa hiyo ukivunja mzunguko kila siku tano umemaliza. Jaza visahani mchanga mpaka juu, maji ya ziada yatalowa kwenye mchanga na chungu kitanyonya, mbu hana pa kutagia. Visivyo na mchanga vimwage na uvisugue kwa brashi, mayai yanaganda ukutani hata pakikauka yanangoja maji. Kagua pia makopo nyuma ya vyungu na lile tairi ulilopandia mchaichai, litoboe chini matundu matatu.

Halafu mwambie mwenye nyumba umeshafanya, umwonyeshe.